Nani Anamtawadha Nani?



Nawasalimu wote mlioko Magongo, Chaani na Mikindani, ndugu zetu wa ng'ambo ya feri kule Likoni, wa Kisauni, na nyinyi mlioko Qatar na Saudia kazini ambao nikichelewa kuandika mnaanza kuuliza kama mchungaji ni mgonjwa. Sijambo. Leo neno ni refu, kwa hivyo kama uko kwenye matatu lihifadhi, ulisome ukifika nyumbani.

Tangu nitangaze kwamba Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu tutakuwa na ibada ya kuoshana miguu, simu yangu haijapumzika. Wengine wananiambia, "Mchungaji, hayo ni mambo ya Wakatoliki." Wengine, "Hayo ni ya Wasabato." Dada mmoja wa kwaya aliuliza kama kutakuwa na sabuni. (Itakuwapo.) Lakini ujumbe ulioninyima usingizi ulitoka kwa kijana anayefanya kibarua bandarini. Aliandika maneno machache tu: "Pasta, si tulishaona kuoshwa miguu kwenye TV?"

Ana haki ya kuuliza. Mliokuwa na umri wa kuangalia habari mwaka 2014 mnakumbuka. Runinga ilituonyesha mhubiri mmoja wa Nairobi akiwaosha waumini miguu ndani ya beseni, maji yakigeuka mekundu, na watu wakiamini wanaona damu, kwamba laana na magonjwa yanawatoka. Kumbe ni potasiamu pamanganeti, ile chumvi ya zambarau ya duka la dawa. Na kabla ya beseni kulikuwa na mbegu, shilingi 310. Nchi nzima ilicheka. Mpaka leo ukitaja "310" mbele ya watu, hakuna anayefikiria namba ya basi. Sisi tulioitwa wachungaji hatukucheka sana, maana siku ya pili yake ukipanda matatu na Biblia mkononi, watu wanakuangalia mikono.

Na liko jambo ambalo halikusemwa sana wakati ule. Chumvi ile ile, maji yale yale ya zambarau, ndiyo wahudumu wa afya wa kujitolea walikuwa wakiyatumia kuloweka miguu ya watoto wenye funza. Wala si mbali na hapa, nenda Kwale au Kilifi vijijini. Mtoto anakaa kwenye kigogo, miguu imevimba, vidole vimeharibika hata hawezi kutembea kwenda shule, na mama mmoja asiyelipwa chochote anainama, anaitia miguu ile kwenye karai, anaiosha polepole. Maji ni rangi moja. Huku mtu analipa aoshwe miguu iliyo mizima, kule mtu anaoshwa bure miguu inayonuka. Hapo ndipo nataka tuanzie, maana swali la kijana wetu halihusu maji. Linahusu nani anainama, na anainama kwa ajili ya nani.

Sasa tufungue Maandiko. Watu wengi wakisikia kuosha miguu wanakimbilia Yohana 13, lakini Yohana 13 huielewi kama hujapita kwa Wayahudi kwanza. Mwanzo 18, Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali, wageni watatu wanatokea. Kitu cha kwanza anachowatolea ni maji ya miguu, kabla ya mkate, kabla ya ndama. Lutu anafanya vilevile katika sura ya 19. Nyumbani kwa kina Rebeka, sura ya 24, mtumishi wa Ibrahimu anapewa maji. Ndugu zake Yusufu wanapewa maji Misri, sura ya 43. Soma vizuri uone: katika hayo yote, mwenye nyumba analeta maji, na mgeni anajiosha mwenyewe. Ukarimu ulikuwa kuleta maji. Ni kama sisi pwani, mgeni akifika unamletea maji ya kunawa, humshiki mkono ukamnawisha kama mtoto.

Kumwosha mwingine miguu kulikuwa jambo jingine kabisa. Angalia Abigaili, 1 Samweli 25. Daudi anapotuma watu kumposa, mwanamke yule, mjane wa tajiri, anainama na kujiita mjakazi wa kuosha miguu ya watumishi wa Daudi. Hakusema miguu ya Daudi, alisema ya watumishi wake. Alikuwa akitafuta mahali pa chini kabisa pa kujiweka, na hapo ndipo alipopapata.

Walimu wa Kiyahudi waliokuja baadaye walilijua jambo hili. Katika Mekhilta, maelezo yao ya kale ya kitabu cha Kutoka, wanafundisha kwamba Mwebrania aliyeuzwa utumwani asilazimishwe kumwosha bwana wake miguu. Kazi ile ilikuwa inamshusha mno mtu aliye ndugu yako. Na katika Talmudi kuna fundisho kwamba mwanafunzi humfanyia mwalimu wake kila kazi ambayo mtumwa humfanyia bwana, isipokuwa kumvua viatu. Sasa mrudie Yohana Mbatizaji aliposema hastahili hata kulegeza gidamu ya kiatu cha yule ajaye. Wengi tunadhani ni maneno ya heshima tu. Alikuwa anasema kwamba kile ambacho hata mwanafunzi amesamehewa kukifanya, yeye bado ni mdogo mno kukifanya.

Kuna na njia ya pili, ya madhabahuni. Kutoka 30, Mungu anamwamuru Musa atengeneze birika la shaba, na Haruni na wanawe waoshe mikono na miguu kabla ya kukaribia, wasije wakafa. Sura ya 38 inatuambia shaba ile ilitoka kwenye vioo vya wanawake waliokuwa wakihudumu mlangoni pa hema. (Kina mama, hilo lishikeni, siku moja nitalihubiri peke yake.) Mishna inaeleza kwamba Siku ya Upatanisho kuhani mkuu alizama majini mara 5, na mikono na miguu yake ilitakaswa mara 10, siku hiyo moja. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70 birika likaisha. Lakini mpaka leo katika masinagogi mengi, kabla ya makuhani kubariki watu, Walawi huwamiminia maji mikononi, na makuhani wanavua viatu. Miguu haioshwi tena, ila kiatu bado kinabaki nje. Mtu wa Mombasa halazimiki kuelezwa hilo mara mbili, sisi sote viatu tunaviacha mlangoni.

Kwa hivyo Yesu anapoinuka chakulani usiku ule, wanafunzi hawashangai kuona maji. Maji waliyajua kwa ukarimu na kwa madhabahu. Wanashangaa kuona ni nani aliyelishika bakuli. Mwalimu amevua vazi lake, amejifunga kitambaa, anafanya kazi ambayo mtumwa Mwebrania alikuwa na haki ya kuikataa. Petro alikuwa mtu wa sheria pale. Hakuwa mkaidi tu, alikuwa anamlinda mwalimu wake na aibu.

Kisha kuna neno moja ambalo Biblia yetu ya Union Version imelitumia, na nadhani sisi wa pwani tumepewa zawadi ambayo watu wa bara huenda wasiione. Biblia nyingine zinasema "kuosha". Union Version inasema "kutawadha". Yesu aliwatawadha wanafunzi wake miguu. Sasa wewe umezaliwa Likoni au Kisauni, neno hilo unalijua kabla hujajua kusoma. Unalisikia kila siku kwa majirani zetu Waislamu. Adhana ikilia, mtu anachukua kata au birika anatawadha: mikono, uso, miguu mpaka vifundoni. Ukienda magofu ya Gede, karibu na Watamu, utaona msikiti wa kale na birika lake la maji, pamoja na mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu. Watu wa pwani hii wamekuwa wakiosha miguu kabla ya kusali kwa mamia ya miaka, na sisi walokole tunashangaa kama ni jambo geni!

Lakini liangalie neno lenyewe. Mtu hutawadha mwenyewe. Ni kazi yako na maji yako. Ukisikia fulani "ametawadhwa", mara nyingi ni mtoto mchanga, au mgonjwa asiyejiweza, au maiti. Yaani ni mtu asiyeweza kujifanyia. Basi Yesu anawachukua wanaume wazima, wavuvi wenye mikono ya kamba, anawatawadha kama mtu atakavyomtawadha mgonjwa. Na anamwambia Petro kwamba asipokubali hilo, hana sehemu naye. Mimi nimekuwa mhubiri miaka mingi, na sijui neno gumu kuliko hilo kwa mtu mwenye nguvu zake.

Na Yuda? Soma mpangilio wa sura. Yuda anatoka nje mstari wa 30. Maji yalimwagwa mapema, mstari wa 5. Miguu iliyotoka kwenda kwa wakuu wa makuhani ilikuwa safi, na ni Yesu aliyeisafisha.

Sasa nirudi kwa wale wa "hayo ni ya Wakatoliki". Wapendwa, Paulo katika 1 Timotheo 5 anataja kuosha miguu ya watakatifu kati ya sifa za mjane wa kuandikwa kwenye orodha ya kanisa. Wakatoliki wanafanya, Wasabato wanafanya kabla ya Meza ya Bwana, Wamennonite waliofika Shirati, Tanzania, mwaka 1934 walikuja nayo. Na sisi Wapentekoste je? Ile misheni ya mtaa wa Azusa, Los Angeles, iliyoanza mwaka 1906 chini ya William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, ilifundisha maagizo matatu ya Bwana: ubatizo, Meza, na kuoshana miguu. Hao ndio babu zetu wa kiroho. Hatukopi kwa jirani. Tulikisahau kitu chetu kwenye sanduku.

Si kwamba kanisa limekubaliana siku zote. Milano zama za Ambrose waliwaosha miguu waliobatizwa, Roma hawakufanya. Na katika baraza la Elvira, Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, kanuni moja ilikataza mapadri kuwaosha miguu wanaobatizwa. Nilipoisoma kanuni hiyo nilicheka peke yangu ofisini, maana sehemu yake ya kwanza inakataza waliokuwa wakibatizwa kuweka sarafu kwenye chombo, isije ikaonekana kuhani anauza alichopewa bure. Miaka 1,700 iliyopita! Beseni na sarafu tayari vilikuwa vimekaa karibu karibu, na wazee wa kanisa tayari walikuwa wameanza kunusa. Uingereza nako wafalme waliosha miguu ya maskini kila Alhamisi Kuu, mpaka zama za James wa Pili, karne ya 17. Baada yake wakaacha kuosha, wakabaki kugawa pesa. Naelewa kwa nini. Kutoa sarafu hakuhitaji kupiga magoti.

Na nitataja Papa, msinipigie kelele. Mwaka 2013, Alhamisi Kuu yake ya kwanza, Papa Francis aliacha makanisa makubwa ya Roma akaenda gereza la vijana, akaosha miguu ya wafungwa 12, wasichana wawili wakiwemo, na Waislamu wakiwemo. Aprili 2019 aliwaita viongozi wa Sudan Kusini, majirani zetu hawa, Salva Kiir na Riek Machar na wenzao, na mzee yule wa miaka 82 akainama kwa shida akabusu viatu vyao, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wasirudi vitani. Je, vita viliisha? Serikali ya pamoja iliundwa mwaka uliofuata, lakini amani ile mnaijua ilivyo, na wapo ndugu zetu wa Sudan Kusini hapa Mombasa wanaoweza kukueleza. Kuinama hakumlazimishi mtu. Yuda pia hakulazimika. Na Alhamisi Kuu ya mwisho ya Papa huyo, Aprili 2025, alikwenda tena gerezani akawaambia wafungwa kwamba mwaka huu hawezi kuosha. Siku nne baadaye akafariki. Kufika alifika.

Sasa niseme langu, maana bila hilo haya yote ni darasa tu.

Ibada hii si ya kwanza kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, wengine hamkuwa mmejiunga, tuliwahi kuifanya, na niliiharibu mimi. Nilichagua watu 12 mapema. Nikawaambia wahudumu wawapigie simu waje wakiwa wameoga vizuri na miguu yao safi. Nacheka nikikumbuka, lakini si kicheko cha furaha. Niliosha miguu iliyokwisha kuoshwa. Kulikuwa na mpiga picha, kulikuwa na taulo nyeupe mpya, na mimi nilikuwa na uso wa unyenyekevu nilioufanyia mazoezi. Picha zilipendwa sana humu mtandaoni.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mama mmoja mzee, mguu wake wa kushoto umefungwa leso kuukuu. Ana kisukari, na alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba. Nilimwona, na sitadanganya kwamba sikumwona. Nikajiambia, huyu tutamwombea baadaye.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumtembelea. Nilifika jioni, magharibi imeshapita. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, na mbele yake amechutama jirani yake, mama wa Kidigo, buibui ameikunja magotini, kaushika mguu ule ndani ya karai. Alikuwa anauosha taratibu, anaifuta kila nafasi kati ya vidole kwa kitambaa kikavu, kama muuguzi wa kliniki alivyomwelekeza. Maji aliyapima kwanza kwa kiwiko chake, kwa sababu mguu wa mwenye kisukari unaweza kuungua usisikie. Kumbe amefanya hivyo kila jioni kwa miezi. Mtoto wa mama huyu anafanya kazi mbali. Maji yenyewe siku hizo yalikuwa ya kununua kwa mtungi, mabomba yalikuwa makavu.

Nilisimama pale na Biblia yangu. Jirani akanisalimu, "Karibu mchungaji, ngoja nimtawadhe kwanza mwenzangu, nakwisha sasa hivi." Alitumia neno hilo hilo. Yeye hajui Union Version ni nini.

Ndiyo maana Alhamisi hii haitakuwa kama ile. Hakuna 12 waliochaguliwa. Hakuna picha, na wahudumu mlangoni watawaomba simu zikae mfukoni. Mwenye kuona hilo ni gumu aje aniambie mimi, asiwasumbue wao. Hakuna sadaka siku hiyo, wala bahasha wala "panda mbegu". Maji yakishatumika yanamwagwa kwenye mgomba nyuma ya kanisa, hakuna atakayeyatia chupani. Wanaume watawaosha wanaume, wanawake watawaosha wanawake, na mume na mke wakitaka wataoshana. Nimewaomba wazee wawili wa kanisa, mnaowajua na ugomvi wao wa kiwanja mnaujua, waketi beseni moja. Mmoja amekubali. Mwingine amesema ataomba kwanza, na mimi siwezi kumharakisha mtu anayeomba.

Kuhusu miguu yangu mimi: kuna waliojitolea kumwosha mchungaji ili wapokee upako. Ahsanteni, ila hapana. Upako haupo kwenye vidole vyangu, huko kuna kutu ya kandambili tu. Nikioshwa, nitaoshwa na mtu niliyemkosea, na huyo nimeshamtafuta mwenyewe.

Na wenye vidonda, wenye sukari, wenye miguu iliyovimba, msijifiche nyuma. Dada yetu muuguzi atakuwepo na maji ya vuguvugu, glavu na vitambaa vikavu. Kidonda kibichi hakitatiwa kwenye beseni la wote. Kila mtu wa namna hiyo atakuwa na karai lake. Wale wasioweza kufika, mashemasi watapita nyumbani Ijumaa asubuhi. Andikeni majina kwa katibu, si hapa hadharani.

Tunaanza saa kumi na moja jioni. Leteni taulo na leso za nyumbani, hata zilizochakaa. Msioshe miguu kabla ya kuja. Njooni kama mlivyo, na vumbi la malori la Magongo likiwa juu yake.

Yule mama mzee ameniambia atakuja, kidonda kimefunga sasa. Ameweka sharti moja tu, kwamba jirani yake atamsindikiza, na tukimaliza wanarudi pamoja kwa sababu njia ni giza. Jirani amesema atakaa nje barazani atusubiri. Nimeshaweka kiti.